Tiki ya Kijani

Msiniambie nitulie. Mjomba wangu ni fundi cherehani, na tangu nimjue hajamkabidhi mtu suruali bila kumwambia aivae kwanza, apige hatua mbili, achuchumae. Ndiye aliyenilea. Cherehani hiyohiyo ndiyo iliyonisomesha hadi nikajua kutengeneza tovuti. Sasa jicho la kushoto halioni tena, la kulia lina mtoto wa jicho, na uzi anatungiwa na wateja.

Hospitali ikatangaza kuwa madaktari wa macho wanakuja kwa wiki moja. Nafasi za upasuaji arobaini, na kujiandikisha ni kwenye tovuti tu. Tovuti yenyewe ni kazi ya kampuni yetu, na ile fomu niliiandika mimi.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Ukibonyeza "Tuma", ombi lako linakwenda kwenye seva. Huko litakubaliwa, au litakataliwa, au mtandao utakatika njiani. Vyovyote iwavyo, ombi limemalizika. Mimi tiki ya kijani niliiweka penye kukubaliwa peke yake; kwingine kote yalitokea maandishi mekundu ya kukuambia ujaribu tena. Bosi akaja na kikombe chake mkononi.

"Watu wakiona maandishi mekundu wanalalamika. Tiki itokee ombi likimalizika, basi."

"Bosi, kumalizika si kufanikiwa."

"Aa, dada, unapenda ubishi wewe! Tutarekebisha baadaye."

Baadaye gani? Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikaihamisha. Mistari miwili tu. Nikaenda zangu kula.

Nilimwambia mjomba nimjazie fomu, akang'aka: "Kwani mimi mtoto?" Akajaza mwenyewe, simu kaisogeza hadi puani. Akaona tiki, akaridhika. Kumbe asubuhi ile seva ilikuwa imezidiwa, na ombi lake halikufika kokote.

Siku ya upasuaji nilimkuta mapokezi, kanyoa ndevu, shati kalipiga pasi. Jina halimo. Nafasi zote zimeshachukuliwa, madaktari wanaondoka kesho, na hakuna anayejua watarudi lini. Nikatoka nje, nikampigia bosi.

"Pole sana," akasema. "Lakini mbona mfumo haukuonyesha kosa lolote?"

Haukuonyesha! Aliyeuziba mdomo ni nani? Nilimporomoshea matusi ambayo hata sikujua kama ninayajua, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Sikuwa salama. Nilikuwa namtukana bosi, na nusu ya matusi yale yalikuwa yangu.

Niliporudi ndani, mjomba alikuwa amesimama dirishani kwa karani, anabishana, yeye ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Angalia tena, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Orodha yenu ndiyo yenye kosa. Tovuti ile kaiandika binti yangu mwenyewe, na yule hajui kudanganya."