Kamba Nne za Mama Pasi

Mtaani walimwita Mama Pasi, na hakulichukia jina hilo, maana alilipata kwa jasho. Miaka minane alizunguka nyumba za watu akifua na kunyoosha nguo, mpaka vidole vikabaki na mikunjo hata siku ya mapumziko. Ndipo akapanga chumba chenye bomba, na nyuma yake kiua cha kutosha kamba nne. Akanunua mashine ya kufulia ya mtumba, ambayo kila ikianza kukamua ilitembea yenyewe hadi mlangoni kama mtu aliyechoka na kazi.

Wiki hiyohiyo akahudhuria semina ya wafanyabiashara wadogo. Msemaji, bwana mwenye sauti ya radi, aliwaambia kwamba anayelenga chini huokota vumbi. Mama Pasi alirudi kifua kinamwaka. Akachukua chaki, akaandika ukutani: Mwaka huu hoteli kumi, mashine tatu, wafanyakazi sita.

Mumewe, fundi vigae, aliyasoma maneno hayo taratibu, mikono kiunoni.

"Mke wangu, mji huu una hoteli kumi?"

"Zitajengwa."

"Basi sawa. Na mimi nitapata kazi ya vigae."

Walicheka wote wawili, ila Mama Pasi hakuwa anatania. Mwezi haujaisha, alishapata nyumba tatu za wageni. Kila aliyemwuliza kama ataweza alijibiwa "bila shaka" hata swali halijafika mwisho. Mashuka yakaja kwa marobota. Wateja wa zamani, wa shati moja na gauni moja, wakaanza kuambiwa kesho, na kesho ikazaa kesho.

Kisha ikanyesha siku nne mfululizo. Mashuka yakaning'inizwa chumbani, juu ya milango, kila penye msumari, mumewe akawa anapita kainama kama mwizi. Siku ya tano Mama Pasi aliyakunja yakiwa bado na unyevu, akayapeleka hivyohivyo.

Kesho yake msimamizi wa nyumba ya wageni iliyo kubwa kuliko zote tatu alikuja mwenyewe, akamsogezea shuka puani.

"Mama, hebu nusa."

Akanusa. Lilinuka uvundo.

"Wageni wangu wawili wamehama. Naomba tuishie hapa."

Wasimamizi wa zile nyumba nyingine mbili nao wakafuata. Mama Pasi aliilaumu mvua kwa kila aliyemsikiliza, hadi Jumatatu alipofika chini ya rundo akakuta suti ya mwalimu mstaafu. Ililetwa kwa ajili ya harusi ya binti yake. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyopita.

Akaifua, akainyoosha kuliko alivyowahi kunyoosha kitu, akaipeleka nyumbani kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Harusi ilipita salama. Niliazima koti la jirani, mikono ikaishia hapa." Akajigusa karibu na kiwiko. "Wakwe walidhani ndio mtindo."

Alicheka. Mama Pasi hakuweza.

"Nilikuja mara tatu," mwalimu akasema, sasa bila kicheko. "Ungeniambia haiwezekani, ningeifua mwenyewe."

Maneno hayo alirudi nayo hadi nyumbani. Akamkuta wifi yake, muuguzi, amekuja kuwajulia hali, akamweleza yote akifuta machozi kwa kanga.

"Wifi, wodi yetu ina vitanda ishirini," muuguzi akasema. "Tunaanza na vitanda, hatuanzi na tamaa. Wewe kamba zako zinabeba mashuka mangapi?"

Hakujua! Miaka yote hiyo, hakujua. Wakatoka uani wakapima. Kamba moja, mashuka sita. Jua likiwa kali, mara mbili kwa siku. Wakapima na pasi: shuka moja, dakika saba. Akijumlisha kufua, kukamua na kukunja, mikono yake miwili haikuweza kuvuka mashuka thelathini kwa siku. Zile nyumba tatu zilikuwa zinaleta tisini kwa siku.

"Kumbe hata lingewaka jua," akasema polepole, "nisingeweza."

Akafuta ukuta kwa kitambaa kibichi, akaandika upya: nyumba moja ya wageni, mashuka ishirini, siku tatu kwa wiki, paa juu ya kamba mbili kabla ya mvua zijazo.

"Kazi inaonekana ndogo," akalalamika.

"Ni ndogo, ndiyo," wifi akasema. "Ifanye."

Akarudi kwa yule msimamizi, akamtajia kiasi na siku. Msimamizi akamtazama sana.

"Mashuka hapana. Chukua taulo, tujaribu."

Akameza kiburi chake, akachukua taulo. Mwezi wa tatu akapewa mashuka. Paa nalo lilichelewa; mumewe aliliezeka mwenyewe, kona moja ikavuja, lakini mvua zilipokuja kamba mbili zilikausha.

Siku moja akaja bwana wa hoteli kubwa. Alitaka mashuka themanini kwa siku. Ulimi ulimwasha Mama Pasi.

"Themanini siwezi," akasema. "Kumi naweza, kuanzia mwezi ujao."

Bwana yule akashukuru kwa adabu, akaenda zake, wala hakurudi. Mchana kutwa pasi ilikuwa nzito mkononi. Jioni mumewe akauliza alijibu nini.

"Ukweli."

"Na unajisikiaje?"

"Unauma, baba."

 Mumewe akashika ncha mbili za shuka, mkewe akashika mbili, wakaanza kukunja.