Sahani Iliyorudi na Shilingi

Zamani mtu akihamia mtaa, sahani za majirani zilimfikia kabla hajafungua mizigo; siku hizi atapishana nao ngazini mwaka mzima, na siku atakayokufa watauliza kwani mle ndani kulikuwa na mtu.

Mzee Aidarus hakuhitaji kuambiwa hayo. Aliyaona mwenyewe tangu siku ile waliposhushwa, yeye na mkewe Zubeida, mbele ya jengo la orofa nne huko Junda, wakitokea Siyu, baada ya safari ya boti na basi iliyowavunja mifupa. Hawakuja kwa kupenda. Mguu wa Zubeida ulikuwa na kidonda cha sukari kisichotaka kupona, na daktari wa Mombasa alisema wazi kwamba kisafishwe hospitalini mara kwa mara ama mguu ukatwe. Mtoto wao Bassam, anayefanya kazi Uarabuni, akawapangishia nyumba ya orofa ya tatu, akalipa, akatuma picha za vyumba kwa simu, akaona kazi yake imekwisha. Hakujiuliza mwenye kidonda cha mguu atapandaje ngazi. Vijana wa leo wana pesa za kutuma. Muda wa kufikiri hawana.

Basi Zubeida akawa huko juu kama kitu kilichowekwa kabatini. Akishuka ni siku ya hospitali, tena kwa kushikwa mkono na kupumzika kila kituo cha ngazi. Siku nyingine alikaa sebuleni juu ya mkeka, mlango wazi, leso safi begani, akingoja. Alikuwa akingoja sahani.

Kwao Siyu mgeni hapiki siku za mwanzo. Huyu humletea wali, yule samaki wa kupaka, na asiye na kitu huleta maji baridi na maneno mazuri. Mgeni naye hula, huosha sahani, huirudisha ikiwa na chochote ndani, hata ndimu mbili. Sahani hairudi tupu. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzio kwamba mmemalizana.

Siku zikapita, sahani haikuja. Mwenye jengo aliishi orofa ya chini, nyuma ya geti lake la chuma, gari mbili uani.

"Huyo si mtu wa kwetu?" Zubeida aliuliza. "Babu yake namjua. Alioa Pate."

"Ndiye."

"Na mkewe hana sahani?"

"Ana geti," Aidarus akajibu.

Mlango wa mkabala alikaa Velma, mwanamke wa bara, kutoka Vihiga, na mumewe Kefa, dereva wa lori la mawe kule machimboni Mwakirunge, na binti yao mdogo. Velma alipopita na ndoo zake alisema, "Habari, mzee," huku anakwenda, na jibu likamfuata mgongoni. Aidarus alishona makubadhi ya ngozi Siyu maisha yake yote, ameamkiwa na masharifu na wavuvi, na sasa alikuwa akiamkiwa na kisogo.

Jioni moja Zubeida alimkalisha chini.

"Nitakaa hapa mpaka mfungo uandame. Ramadhani ikinikuta sina mlango hata mmoja wa kupelekea futari, nirudishe kwetu."

"Na mguu?"

"Mguu nitakwenda nao. Hauna pa kubaki."

"Utakatwa, Zubeida."

"Wakiukata huko, kutakuwa na mtu wa kunisikia nikilia."

Aidarus alijua mkewe hasemi kitu mara mbili. Na Shaaban, mwezi wa kuelekea Ramadhani, ilikuwa si mbali.

Asubuhi yake Zubeida alikaa kwenye kigoda akakanda unga kwa tui la nazi na iliki. "Tutaanza sisi," alisema. "Ni kinyume, lakini tufanyeje." Akachoma mahamri kwa mafuta, yakavimba vizuri, akayapanga katika sahani ya maua ya buluu, akaifunika kitambaa. Wa kuipeleka hakuna ila mume. Siyu mwanamume akionekana na sahani ya kupelekwa kwa jirani angechekwa mpaka msikitini. Aidarus alivaa kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, kama anayekwenda kuposa, akavuka ule ukumbi mwembamba.

"Hodi."

Ndani televisheni ilikuwa ikipiga kelele. Akabisha kwa kidole.

"Nani?" Zamani mtu alijibiwa karibu kwanza, akaulizwa jina baadaye.

"Jirani."

Mlango ukafunguka kidogo. Velma akatoa kichwa, akafunua kitambaa.

"Ni mandazi?"

"Mahamri."

"Sawa tu. Pesa ngapi?"

Kabla Aidarus hajajibu, mtoto akalia ndani, Velma akaichukua sahani mkononi mwake, akasema, "Nitakulipa asubuhi, mzee," na mlango ukafungwa.

Asubuhi aliikuta kizingitini, imeoshwa ikang'aa, na katikati yake shilingi, zimewekwa chungu moja. Hakuna aliyebisha. Aidarus aliwahi kuona shilingi ndani ya sahani, lakini ilikuwa mbele ya kipofu, mlangoni mwa msikiti. Aliinama kuziokota ili akazirudishe, na ikiwezekana kwa maneno makali.

"Sahani imerudi?" Zubeida aliita kutoka ndani.

"Imerudi."

"Na nini?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa macho kwa sababu hiyo. Aidarus alitazama mlango wa mkabala, akatazama chungu ya shilingi.

"Ndizi," akasema. "Ngoja nizisuuze."

Akashuka ngazi zote mbiombio, na miaka yake ile, mpaka getini kwa Dhahabu, mama wa Kaloleni auzaye matunda, akanunua ndizi kwa zile zile shilingi za Velma.

Zubeida alizipokea, akazinusa, maana kuzila hawezi kwa ajili ya sukari. "Ana adabu huyu," alisema. "Alikuwa na haya tu."

"Ndiyo, haya," Aidarus akajibu, na akaanza kumenya ya kwanza.

Mara ya pili alikwenda ameazimia kusema kweli. Velma hakumpa nafasi.

"Afadhali umekuja, mzee. Huyu mtoto amekataa mkate tangu juzi. Nikutumie kwa simu ama nikupe mkononi? Na mama wa orofa ya pili pia anataka, na wale vijana wa juu."

Aidarus akapima. Akisema, mwanamke huyu ataona aibu, na mlango aliozoea kuufungua nusu ataufunga mzima. Halafu Zubeida atakaa kwenye mkeka wake ahesabu siku zilizobaki kabla ya mfungo. Akanyoosha mkono, akapokea.

Ndivyo alivyokuwa mchuuzi uzeeni. Zubeida alipika akidhani anajenga ujirani, na mumewe akauza mlango kwa mlango, na kwa kila sahani iliyotoka ilibidi kitu kirudi. Ndizi, viazi vitamu, mapapai, mara moja nanasi. Na vyote hivyo alivila yeye, kwa sababu mgonjwa haruhusiwi na kutupa ni dhambi. Tumbo likamjaa hewa. Pesa zilizobaki alizitumbukiza katika sanduku la msikiti, hakutaka zilale nyumbani mwake.

"Baba Aidarus," Dhahabu alimwambia siku moja, "ndizi zote hizi unakula na nani?"

"Na majirani."

"Majirani hawa? Mimi niko hapa getini miaka, hawajanipa hata maji ya kunywa. Sema kweli, unafuga kima huko juu."

"Nipimie viazi, Dhahabu."

"Viazi vya kima au vya majirani?"

Alilipa akaondoka bila kujibu. Kila alipopanda ngazi na mfuko aliapa kwamba hii ni mara ya mwisho, na kila alipofika juu alimkuta Zubeida amechangamka, amejifukiza udi, akizungumza kwa simu na nduguye wa Siyu. "Jirani yangu wa mlango wa pili," alikuwa akisema. "Ni mtu wa bara, hata shikamoo haijui, lakini sahani anaijua." Aidarus akaingia jikoni kula papai. Na hospitalini, muuguzi akifungua bendeji, alisema kidonda kimeanza kuziba.

Ilikuwa alasiri moja, Aidarus akirudi kutoka msikitini, alipoona kandambili mlangoni pake. Jicho la mshona viatu halikosei: ukanda wa kushoto umekatika na kufungwa kwa waya. Ni za Velma. Tangu wahamie, hakuna mtu aliyewahi kuvua viatu mbele ya mlango huo.

Ndani, Velma alikaa pembeni mwa kiti, mikono magotini. Mbele ya Zubeida, juu ya mkeka, zilikuwapo shilingi.

"Aidarus, ndoo hapa ukae," mkewe alisema kwa upole uliomtisha. "Jirani amekuja kulipa deni la mandazi."

Zubeida hakuwahi maishani kulitamka neno hilo, mandazi, kwa kazi ya mikono yake.

"Samahani, mzee," Velma akasema. "Kefa amepata kazi Naivasha, tunahama Jumamosi. Sikutaka kwenda na deni lenu. Kumbe mama hakuwa anajua."

"Hakuwa anajua," Aidarus akakubali.

"Mimi nilidhani mko na shida. Nilikuona mzee mzima, na kofia kichwani, unashika sahani. Nikawaambia watu wote wa jengo, hawa wazee hawaombi, tununue kwao."

Kumbe jengo zima lilikuwa likimhurumia Aidarus, na yeye akiona ni wasio na adabu.

"Na zile ndizi?" Zubeida akamuuliza mumewe.

"Za Dhahabu."

"Na viazi?"

"Vya Dhahabu."

"Na lile papai bovu?"

"Siku hiyo lilibaki hilo tu."

Zubeida hakucheka. Akamgeukia Velma. "Mwanangu, umekaa hapa muda gani?"

"Mwaka wa tatu, mama."

"Ulipohamia, nani alikuletea sahani?"

Velma akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine. "Sahani ya nini?"

Aidarus alitafuta wa kumlaumu na kwa mara ya kwanza hakumpata ng'ambo ya ukumbi. Mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka yote hiyo juu ya dari ya mtu wa pwani, katika mji unaojisifu kwa ukarimu mbele ya kila mgeni, na hakuna mkono uliompa hata ndimu mbili. Angejuaje? Wenye kujua walikuwa chini, nyuma ya geti.

Zubeida akazikusanya shilingi, akazitia katika kiganja cha Velma, akakifunga. "Utamnunulia mtoto maziwa njiani," alisema.

Baada ya hapo alimnunia mumewe. Alimsemesha habari za dawa tu, na Aidarus alikula wali wake bila ndizi, akijua kwamba mlango mmoja aliohangaika kuupata kwa uongo wake wote unakwenda Naivasha juu ya pikapu. Ndiyo dunia ya nyumba za kupanga hiyo. Siyu mtu alizikwa na majirani aliozaliwa nao. Hapa ukishamjua mtu jina, amekwisha funga godoro lake.

Ijumaa Zubeida alisema, "Nunua unga na nazi."

"Za nini tena?"

"Wanahama kesho. Waende bila chakula?"

Aidarus akauliza: "Na Siyu?"

"Siyu haihami. Mfungo haujaandama bado, na pale mkabala wataingia wengine. Utawapelekea. Lakini kabla hata ya salamu, utasema si ya kuuza."

"Nao wakihama?"

"Utaanza tena."

Alitaka kufurahi, na uchovu ukamzidi. Kuanza tena, kwa umri huo, na watu wengine wasiojua sahani ni nini. Akachukua mfuko, akashuka.

Jumamosi asubuhi pikapu ilisimama nje ya geti, imepakiwa magodoro, viti vya plastiki na mtungi wa gesi. Aidarus alishuka na sahani ya maua ya buluu imejaa, kofia kichwani. Kefa alipomwona alitia mkono mfukoni kwa mazoea.

"Mzee, ni ngapi leo?"

Velma akampiga kofi mkononi. "Hayauzwi haya. Sema asante." Kisha akamgeukia Aidarus, akasita, kama anayelijaribu neno kwanza kinywani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akatoa mfuko wa plastiki na kuanza kuyamimina mahamri ili aitoe sahani. Aidarus akamzuia.

"Nenda nayo."

"Nitairudishaje kutoka Naivasha?"

"Sasa huna cha kutia ndani. Kaa nayo."

Mwenye jengo alitokeza kichwa getini kuona kama ukuta wake haujakwaruzwa, akarudi ndani. Pikapu ikaondoka. Mara ya mwisho Aidarus alipowaona walikuwa nyuma ya lori moja la mawe, wakienda polepole kwenye mashimo ya barabara: Kefa ametoa kiwiko dirishani, mtoto mdomo umejaa, na Velma ameishika sahani magotini kwa mikono miwili isimwagike.