Duara Dogo Kwenye Ikweta

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha jiografia, katika shule ya mtaa wa Himbi, Prefe, yaani mkuu wa shule, alinikabidhi mambo mawili: ramani ya Afrika iliyochanika ubavuni, na onyo.

"Mwalimu," alisema, "mutoto akijua kitu chenye haukufundisha, usifurahi mbio. Uliza kwanza: nani alikuambia?"

Onyo hilo lilinikaa vizuri mno. Mimi ni mtu ambaye hata leo akiletewa chai kwa jirani hunusa kwanza. Darasani nilitenganisha madawati, nikakagua viganja na mikono ya mashati.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kroki, yaani ramani inayochorwa kwa mkono bila kufungua kitabu. Mwanafunzi alianza na pembe ya mashariki, akashuka hadi ncha ya kusini, akapanda mpaka kwenye nundu ya magharibi, akafunga bara kwa pwani ya kaskazini. Kisha aligawa kanda tano: Kaskazini, Magharibi, Kati, Mashariki na Kusini. Niliyafundisha hayo kwa sauti kubwa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijavuka Rutshuru, mji wa jirani.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka, Kavira, binti wa dereva wa lori kutoka Butembo, alichora Kanda ya Mashariki hadi ikanitisha. Aliandika Kabale, Mbarara, Lyantonde, Masaka, mji baada ya mji kwenye barabara ya Kampala. Lyantonde haikuwa kwenye ramani yangu. Mbele ya Masaka, ikweta inapokata barabara, aliweka duara dogo. Nikajua nimemnasa: hiyo ni alama ya wanaokopia, ya kukumbuka walipoishia.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu, Mwalimu. Niliona na macho yangu, mu kamyo ya papa."

"Mutoto mwanamuke mu kamyo? Unanidanganya!"

Nikampa sifuri. Akapoteza mwaka, na baba yake akasema shule basi, akauze vitenge sokoni Birere. Karatasi niliiweka kama ushahidi. Nilipohamishiwa shule ya Murara niliibeba, na Mkurugenzi wa huko aliponiuliza ni ya nini, nilimjibu kwamba wezi hurudi.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, macho yalinipeleka Kampala kwa matibabu. Nilipanda basi, karatasi mfukoni, nikiwa na hamu ya kumfumania Kavira kwa uongo wake. Kabale ilikuwapo. Mbarara ikafuata. Lyantonde malori yalikuwa yamejipanga, madereva wanakula nyama. Tulipopita Masaka nikasogea dirishani. Kando ya barabara lilisimama duara la saruji la kuonyesha ikweta, jeupe, refu kuliko mtu, na watu wanapigiana picha katikati yake.

Niliona aibu hadi nikafunika uso kwa kofia. Mtembea bure si mkaa bure, na mimi nilikuwa mkaa bure mwenye kalamu nyekundu.

Niliporudi nilikwenda Birere. Kavira sasa ni mama wa makamo, nyuma ya meza yake ya vitenge. Nilimpa karatasi, sifuri imekatwa, ishirini juu ya ishirini imeandikwa. Aliigeuza mbele na nyuma, akaitazama kwenye mwanga, kama nilivyokuwa nikizitazama karatasi za wanafunzi.

"Duara ile ni ya kweli," nilimwambia. "Nisamehe."

"Nani alikuambia, Mwalimu?"

"Hakuna mutu. Niliona na macho yangu."

"Ni vile nilikuambia," alisema, akamgeukia mteja.