Mkono Kwenye Gunia la Maharage

Sanamu ile ilikuja na mikono minane. Ni jozi nne za kubadilisha: jozi ya ngumi, jozi ya viganja vilivyo wazi, jozi ya vidole vilivyokunjwa tayari kuparura, na jozi ya mwisho, ile iliyonifanya niinunue, mikono iliyotoka kupigana. Kwenye jozi hiyo fundi aliyepaka rangi hakuacha kitu. Alikuwa ameweka kucha moja moja, mishipa, hata damu iliyokauka kwenye maungio ya vidole. Kila mkono ulikuwa na ukubwa wa punje ya maharage. Niliusifia mno mbele ya kamera. Nilisema, na leo nikikumbuka naona aibu, kwamba ukiuokota mahali peke yake unaweza kudhani ni wa mtu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina duka la fotokopi na vifaa vya shule hapa Babati mjini, na ninakusanya sanamu za wapiganaji wa kwenye magemu. Najua unachofikiria. Mama alishakisema kabla yako: wenzako wana watoto, wewe una midoli. Nikipata sanamu mpya naitengenezea video ya uchambuzi na kuiweka mtandaoni. Naeleza uzito, rangi, viungo vingapi vinakunjika, kama inasimama yenyewe au inaanguka kifudifudi. Watazamaji wangu hawajazi mabenchi mawili ya kanisani, lakini ukikosea kuhesabu viungo watakuumbua bila huruma. Hii ilikuwa ya mpiganaji mzee, mwenye nywele nyeupe hadi kiunoni na kitambaa cheusi kilichofunika jicho moja. Magoti yake yalikunjika vizuri kuliko ya mama.

Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwamba kazi hiyo inaitwa uchambuzi, alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye kinachochambuliwa ni maharage. Aliniuliza kama huyo mdoli naye ana mawe tumboni.

Tatizo ni kwamba uchambuzi wake na wangu ulifanyika chumba kimoja. Nyumbani kwetu Nangara, chumba chenye mwanga mzuri na utulivu ni stoo, na stoo ndiko yanakokaa maharage yanayotoka shambani Sigino. Jumamosi ile niliweka ubao juu ya gunia lililokuwa wazi, nikatandika kitambaa cheupe, nikamsimamisha mzee wangu hapo. Nilipokuwa nachomoa mkono wake wa kulia, ule wenye damu, ili nimvalishe ngumi, uliniponyoka na kuruka. Nilitafuta sakafuni kwa tochi ya simu. Nikasogeza magunia, nikachungulia nyufa. Kwenye gunia lile nilipapasa juu juu tu, kwa sababu mama alikuwa ananiita nikamfungulie chupa ya dawa ya kuchua.

Mkono wake wa kulia ulikuwa unamsumbua tangu mvua zilizopita. Asubuhi vidole vinakufa ganzi, hawezi kukamata mwiko wala kufunga kifungo. Nilimfungulia chupa, nikamchua kidogo, na mambo ya stoo yakaniishia kichwani. Nilijiambia panya kauchukua.

Siku iliyofuata, baada ya misa, mama alikaa uani na jirani yetu wakachambua maharage ya gunia lile. Jirani huyo namwita mama mdogo, ingawa hatuna udugu wa damu. Ni mjane, hakujaliwa mtoto, na kwa kuwa hakuna jina la mtoto la kumwitia, mtaa mzima humwita Fundi. Ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule. Kushona miaka yote hiyo kumemwachia macho mekundu ambayo hayajawahi kupoa. Mama alipoanza kufa ganzi mkono, mama mdogo ndiye aliyekuwa anakuja kumsaidia: yeye anachota kwenye gunia na kumwaga kwenye ungo, mama anachagua kwa mkono wa kushoto.

Kuanzia Jumatatu mama alibadilika. Chakula anakigusa tu. Chumvi imemwagwa kizingitini, maji ya baraka yameisha kwenye chupa. Mama mdogo alipopiga hodi, mama aliniagiza niseme amelala, na alikuwa amekaa kitako kitandani ananitazama. Halafu nikamsikia akisali rozari kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Mama husali kwa Kiswahili kama watu wote wa jumuiya yetu. Kiiraqw humrudia akiwa na hofu. Mara ya mwisho kumsikia hivyo ilikuwa siku baba alipokata roho. Niliogopa. Nilidhani ameambiwa ana ugonjwa mbaya na ananificha.

Alhamisi asubuhi, nikiwa nafunga viatu niende dukani, aliniita chumbani kwake na kufunga mlango. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Ndani yake kulikuwa na ule mkono.

"Nimeukuta kwenye ungo," alisema. "Ni wa kulia, mwanangu. Angalia, una damu."

Niliangalia. Kucha, mishipa, damu, vyote nilivyovisifia. Kwenye kiganja cha mama, chini ya vidole vyake visivyokunjika, haukuwa mchezo tena. Hata mimi niliyeulipia nilihisi mwili unanisisimka.

Akaniambia kwamba sasa anajua kwa nini mkono wake umekufa. Mtu ameufunga. Na kwenye gunia lile hakuna mwingine aliyetia mkono zaidi ya yeye na Fundi. Leo saa kumi jumuiya inasali nyumbani kwetu, na atalisema mbele ya watu wote, limtoke. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, huku analifunga tena lile fundo.

Nilifungua mdomo nimwambie. Ningehitaji maneno matatu tu. Lakini nilimwona jinsi anavyoushika ule mkono kwa ncha ya khanga asiuguse, nikaona hofu yote ile ikinigeukia mimi, na nikaogopa macho yake. Nilichosema ni kwamba nimechelewa kazini. Nikaondoka.

Siku ile niliharibu karatasi nyingi. Mwalimu mmoja aliniletea mtihani wa darasa la sita nikautoa kichwa chini miguu juu, nakala zote. Nilikuwa namfikiria mama mdogo. Hapa kwetu mwanamke akishatajwa kwa jambo kama lile, halifutiki. Halisemwi tena mbele yake, linasemwa kisimani na sokoni. Watoto wanaambiwa wasipite mlangoni kwake, wateja wanachukua vitambaa vyao bila kusema kwa nini. Halafu kunatokea msiba mtaani, mtu yeyote, hata wa homa, na watu wanakumbuka. Tangu utotoni nimesikia yanayowapata wanawake wazee wanaoishi peke yao watu wakishakumbuka. Yeye alikuwa peke yake, mwenye macho mekundu, na mlango wake ni wa mbao nyepesi. Nilijua hata komeo lake lilivyo, maana nilimsaidia kulifunga.

Nilimpigia mama, hakupokea. Saa kumi ilipopita nilifunga duka nikamwacha mwalimu barazani na mtihani wake, nikapanda bodaboda. Sikumbuki njia.

Nilikuta wameshamaliza rozari na somo. Sebule imejaa, viti vyote vya jirani vimeazimwa, wengine wamekaa kwenye mkeka. Nilisimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na nafasi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, na mama mdogo ameketi kwenye mkeka pembeni yake, ameuchukua ule mkono uliokufa ganzi na anauchua taratibu, kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya miezi yote. Mbele za watu mama hakuweza kuuondoa. Alikuwa amekaza shingo, jasho linamtoka, midomo inacheza bila sauti. Nilijua anasali kwa lugha gani.

Mwenyekiti wa jumuiya alitangaza usafi wa kanisa. Akatangaza zamu ya wiki ijayo. Akauliza kama kuna mengineyo. Mama akasimama.

Nilitaka kusema wakati ule, na bado nikangoja. Mama alifungua fundo, akaunyanyua ule mkono juu ya kitambaa ili wote wauone. Alisema umewekwa kwenye maharage yake, na kwamba aliyeuweka yumo humu ndani. Mtu mmoja alitaja jina la Yesu.

Mama hakunyoosha kidole. Hakuhitaji. Niliyaona macho ya watu yakianza safari, yakizunguka sebule, na kabla mama hajasema zaidi yalikuwa yamefika kwa mama mdogo na kutulia pale. Mwanamke aliyekaa naye kwenye mkeka, aliyekuwa amemwegemea tangu nilipofika, alikusanya nguo yake na kusogea. Mama mdogo alikuwa bado na mafuta ya kuchua viganjani.

"Ni wangu," nilisema.

Walinigeukia wote. Nilisikia sauti yangu kama ya mtoto aliyekutwa akiiba sukari. Nilisema ni wa mdoli, ulinidondokea nikiwa narekodi, mama mdogo hajui lolote. Hakuna aliyeamini, niliona hata walivyoanza kunitazama mimi vingine, mtoto anayemfunga mama yake mzazi. Nikakimbilia chumbani, nikarudi na sanamu na mfuko wake wa mikono. Nikauomba ule mkono kwa mama. Hakunipa, ilibidi niuchukue. Nikauchomeka kwenye kifundo cha yule mzee, ukaingia na kulia tak, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikaanza kuwachambulia. Hii ni plastiki. Imetoka kiwandani. Ina mikono minane, huu ni wa nane, mingine hii hapa. Ndiyo, damu ni rangi. Ndiyo, kuna watu wazima wanaonunua. Babu mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliuliza kama inapiga magoti. Nikaipigisha magoti. Mtu akacheka, wakafuata wengine, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wamebana pumzi.

Mama aliketi. Alicheka na kulia, akasema nimemuua akiwa hai, akamwomba Mungu amsamehe. Kwa Mungu aliomba. Pembeni yake hakugeuka.

Mama mdogo hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akafuta mafuta kwenye viganja vyake kwa upindo wa gauni, akasema kwa sauti ambayo nadhani ni mimi na mama tu tulioisikia:

"Dada, huyu mtoto angechelewa kidogo tu, mimi leo ningelala wapi?"

Mama aliinama akalifunga tena pindo la khanga. Na mimi nilijua kwamba nilichelewa tangu asubuhi.

Ile video sikuiweka mtandaoni. Sanamu nimeifungia kwenye boksi lake, mikono yote minane nimeihesabu, na huwa naihesabu tena. Mkono wa mama uko vilevile, siku unauma, siku hauumi.

Mama mdogo anakuja bado, sikutegemea, lakini anakuja. Hachoti tena kwenye gunia letu. Anangoja mama achote mwenyewe kwa mkono wa kushoto, hata kama nusu inamwagika. Na kabla ya kugusa ungo anakunja mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko, anafungua viganja vyote viwili na kumwonyesha mama, kwanza ndani, kisha nje. Mama humwambia aache mambo hayo.

"Angalia kwanza, dada," husema, wala hatanii. Mama akishaangalia, ndipo anavuta ungo na kuanza kuchambua.