Kisanduku cha Tatu

Sikusoma sana, lakini ukurasa wa benki yangu kwenye kompyuta naujua kwa sura, kama meza za soko la Jabe ninakouza vitenge: visanduku viwili, jina na neno la siri. Siku ile kikaongezeka cha tatu, kinataka namba ya siri ya kadi.

"Benki wamebadilisha tu, Bibi," mjukuu wangu akasema, vidole tayari.

"Apana. Akiba yangu yote ya vitenge iko humo. We mwenye diploma, jana ulifungua nini kwenye kompyuta hii?"

Akakiri. Alifungua faktire, hati ya kudai malipo, ya mtu asiyemjua, iliyokuja kwa barua pepe.

Nikachomoa waya wa intaneti mwenyewe. Fundi wa kompyuta akapitisha antivirusi, ikakuta programu ya wizi imejificha, ndiyo iliyochomeka kile kisanduku, akaifuta. Neno la siri tulibadilisha kwa kompyuta ya jirani. Akiba haikuguswa.

Mjukuu sasa ananiita polisi. Sawa. Hagusi kitu kabla sijahesabu visanduku.