Drill yangu ya ex-UK dhidi ya Chungwa ya Omari: matokeo yako ukutani

Wakuu, habari za mchana. Leo naandika nikiwa nimeshakubali aibu, kwa hivyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi ni fundi wa kutundika pazia na TV hapa Pipeline. Nina cordless drill ya kijani, ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, niliyoisaka sokoni Gikomba wiki tatu. Naipenda. Naifuta vumbi kabla sijafuta viatu.

Jirani yangu Omari, fundi mwenzangu, ana ya rangi ya machungwa, mpya ya dukani, ya kampuni ambayo jina lake hakuna anayeweza kulitamka. Nilikuwa naicheka kila siku.

Jumamosi mke wangu Mwende alinipa kazi moja tu: rafu ya vyombo iwe ukutani kabla mama yake hajafika kutoka Kitui saa tisa. Nikamwita Omari anishikie. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Hiyo yako ni jina tu, buda," akasema. "Tuone nani atatoboa mashimo mengi na chaji moja."

Wakuu, mtu akiitukana hiyo drill huwa siko sawa.

Tukagawana ukuta, yeye kushoto, mimi kulia. Kwa speed, Kijani yangu iliiacha yake mbali. Chungwa ilikuwa inalia kama blenda iliyotiwa kokoto, inanuka plastiki, lakini haisimami.

(Kabla hamjauliza: ndiyo, nyumba ni ya kupanga. Tuendelee.)

Shimo la kumi na moja nikagonga chuma ndani ya nguzo. Biti, ile ncha ya kutobolea, ikakwama. Nikabonyeza kwa hasira mpaka betri ikaisha. Tukavuta wawili, wapi! Nikachomoa betri nikaiweka chaji, mashine ikabaki imeng'ang'ania ukutani, mpini nje.

Hodi. Mama mkwe.

Akatazama ukuta wote, polepole. Kisha akashusha kiondo chake, kimejaa kunde na ndengu, akakitundika kwenye drill yangu. Haikutikisika.

"Mwanangu, kumbe ulinikumbuka! Umeniwekea mahali pa kiondo."

Mwende akanikazia macho, akingoja kusikia nitajibu nini.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Amekuja kukaa wiki mbili. Na mnajua heshima ya mama mkwe kwetu, kiondo chake siwezi kukigusa. Nikamnong'oneza Mwende akitoe. "Mwambie wewe, fundi," akajibu, na vyombo vyake bado viko sakafuni.

Jumatatu nilikuwa na kazi Donholm, pazia za nyumba nzima. Betri imejaa, mashine imeshikwa na kunde. Nikaenda kwa Omari kichwa chini.

"Nitakupa," akasema, "lakini uandike kule kwa wakuu wako, na usipunguze."

Chungwa ilimaliza madirisha yote. Iliniuma sana.

Kwa hivyo review yangu ni hii: speed, Kijani. Chaji, Chungwa. Kubeba kunde, Kijani, tena haina mpinzani. Na ukiwa na kazi ya mke, ifanye kwanza, mashindano baadaye.

Aliyewahi kumwambia mama mkwe ukweli anipe maneno aliyotumia, tena haraka. Leo asubuhi ameniuliza kama naweza kumwekea nyingine kama ile, ya kutundikia mwavuli.

Omari amesikia. Amekuja mbio kuchukua Chungwa yake.