Picha ya Kumi na Tisa

Yaya, kaka yangu mkubwa, aliondoka Butembo kwenda Beni kununua kakao, na hakurudi. Kanisa letu lina ukurasa wa intaneti wenye picha za watu wanaotafutwa. Kuzipanga nilipewa mimi, kwa sababu nasoma informatique, mambo ya kompyuta, na siwezi kumkatalia mtu kitu. Yaya nilimweka mwisho, wa kumi na tisa. Niliona haya kumtanguliza wa kwetu.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anauangalia ukurasa kwenye telefone. Picha ya kwanza aliitazama sana. Ya pili. Ya tatu. Kisha kidole gumba kikateleza, nyuso zikapita kama nyumba ukiwa juu ya pikipiki, akafunga.

"Mais ukurasa iko murefu!" akasema. "Mega ya intaneti inaisha."

Nikawachungulia wengine watano. Hakuna aliyefika kwa yaya.

Jioni ile nilimpandisha juu kabisa, na binti aliyekuwa wa kwanza nikampeleka mahali pake, chini. Kwenye picha yaya amefumba jicho moja. Niliipiga mimi, nikabonyeza kabla hajawa tayari.

Siku ya tatu muuza vitunguu kutoka Kipese alinikamata mkono mlangoni mwa kanisa. Yule binti alikuwa wake.

"Mutoto yangu hayuko tena pale. Mulipata habari? Kama ni maiti, sema tu."

"Hapana, mama. Iko chini. Shuka."

Akashuka. Kwenye picha ya tatu kidole kikasimama, kikarudi juu, kwa yaya.

"Na huyu njo nani?"

Nilisema simjui.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya shule, wa mwisho namleta juu na wengine wote wanashuka nafasi moja. Zile siku yaya yuko chini, hata katikati ya somo namuona akipita mbio, jicho lile limefumbwa, na hakuna mtu anayemtazama.

Jana zamu yake ya juu ilifika tena. Leo ilikuwa ashuke, na wa chini kabisa aliyekuwa anangoja ni binti wa Kipese. Nilikawia. Nilienda shule bila kugusa kitu. Saa sita nikamkumbuka yule mama na vitunguu vyake, akifungua, akikosa, akiwaza maiti.

Nimemleta binti yake juu. Yaya amekuwa wa pili. Kesho wa tatu, kesho kutwa kidole hakitamfikia. Nilipomshusha nilimwambia, kwa sauti ndogo, kwamba namjua.